Zamu ya Mtu Mmoja

4 Mei

Mama Chupa, shikamoo.

Natumaini barua hii haitafika imelowa, maana Dereva wa idara ameiweka kwenye sanduku la sampuli pamoja na barafu. Nimemwomba awe anapita hapa kwangu kila akitoka huko. Amekubali, ila amesema nisimgeuze tarishi wa wapenzi. Nimemwambia mpenzi wangu ana miaka hamsini na minane na kazi yake ni kuosha vyombo vya maabara.

Cheka kidogo kisha uache, kwa sababu nina hasira. Leo asubuhi nimepata ujumbe wa Profesa na orodha ya zamu. Sasa kwa kuwa janga limetufikisha mahali pa kuingia maabara mmoja mmoja, kila mtu amepangiwa saa zake. Mimi sikupangiwa. Si asubuhi, si mchana, si hata Jumapili. Sababu ni mstari mmoja: “Fomu ya usalama inaonyesha kwamba mwanafunzi huyu hasikii king'ora, kwa hiyo hawezi kukaa zamu ya mtu mmoja.”

Mama Chupa, mimi ni kiziwi tangu nina miaka mitatu. Hata paka wa getini anajua. Nimefanya kazi humo miaka minne nikisoma midomo yenu, na siku zote alikuwepo mtu wa pili chumbani, basi hakuna aliyeuliza habari za king'ora. Leo mtu wa pili kaondolewa, ghafla mimi nimekuwa hatari. Nani aliyejaza fomu hiyo? Na kilimshinda nini kuniuliza mimi kwanza?

Nakuomba kitu kimoja. Zile chupa zangu kumi na mbili. Unazijua: kila siku tone kutoka chupa ya jana liingie kwenye supu mpya, bila kuruka hata siku moja, ili wale bakteria waizoee dawa ya maji na mimi nione wanabadilika vipi. Leo ni uhamisho wa mia mbili arobaini na moja. Natakiwa nifike mia tatu, na ufadhili wangu unaisha mwisho wa Julai, hauongezwi. Mnyororo ukikatika, shahada ya uzamivu nimeikosa, nitarudi kukaa dukani kwa shangazi na kusikiliza kwa macho wateja wakibishana.

Zishike mpaka nirudi. Nitarudi.

Mwanao,
Macho


6 Mei

Macho, mwanangu, marahaba.

Barua ililowa pembe moja tu. Mwandiko wako hata ukitumbukia kisimani utasomeka.

Chupa zako ziko hai. Nimehamisha mwenyewe tangu juzi, na nimeandika kwenye daftari la zamu: mia mbili arobaini na moja, mia mbili arobaini na mbili, mia mbili arobaini na tatu. Glavu nabadilisha kila chupa tatu kama unavyotaka, ingawa siku hizi glavu zimeadimika kuliko wachumba wenye adabu. Supu zote zimechafuka vizuri, kwa hiyo wanazaana. Chupa ya saba bado ina kiburi chake, inachelewa wenzake saa mbili nzima, ila mwisho wa yote inachafuka.

Profesa nilimwambia kwamba nitazihamisha. Aliitikia, angalau nadhani aliitikia, maana kwa hizi barakoa kila mtu anaongea kama ana kiazi cha moto mdomoni. Mlinzi wa getini ananisalimia mara tatu ndipo namjibu, sasa ameanza kusema naringa. Niringe na nini, na miguu hii?

Hilo la nani aliyejaza fomu, liache kwanza. Siku ile makaratasi yalikuja kama mvua, watu wamechanganyikiwa, kila mtu anaogopa lake. Aliyejaza pengine hakuwa na nia mbaya. Wewe shughulika na kurudi.

Uniandikie hivi hivi kwa karatasi. Simu yangu wameikamata wajukuu kwa masomo yao, na hata ningekuwa nayo, simu siku hizi ni kelele tu.

Mimi,
Mama Chupa


12 Mei

Mama Chupa, shikamoo.

Jana nimejizika mwenyewe. Ngoja nikueleze.

Tulikuwa na mkutano wa mtandaoni. Vichwa kumi na kimoja kwenye vidirisha vidogo kama stempu, nusu wamezima kamera, na Profesa amelipa dirisha mgongo, kwa hiyo uso wake ulikuwa kivuli chenye masikio. Niliandika pembeni: tafadhali mtu aniandikie mnachosema. Mmoja akanijibu kwa picha ya kidole gumba. Kidole gumba, Mama Chupa! Mwishoni nikaona vichwa vyote vinatikisika, nami nikatikisa cha kwangu nisionekane nimelala.

Leo umekuja muhtasari. “Imekubaliwa, na mhusika ameafiki, kwamba chupa kumi na mbili zigandishwe tarehe 31 Mei mpaka hali itakapotulia.” Mhusika ni mimi. Wakiziweka kwenye friza hadi mwakani, ufadhili utakuwa umeshakwisha, na huyo atakayeziyeyusha si mimi.

Nililia nusu saa. Kisha nikanawa uso nikakaa mezani, na sijanyanyuka mpaka nimeandika ombi la kurasa mbili. Nataka mambo matatu. King'ora kifungwe taa nyekundu inayomweka, ili anayetazama ajue sawa na anayesikia. Kila mkutano awepo mtu wa kuandika maneno yanavyosemwa. Na mimi nipewe zamu yangu. Mama Pacha amejitolea kuandika mikutano, na pacha wake wawili wakimning'inia mabegani. Yeye mwenyewe amepangiwa zamu ya saa moja asubuhi, saa ambayo hana wa kumwachia watoto, na alipolalamika aliambiwa zamu ni sawa kwa wote. Anasema ataandika kila neno, hata kikohozi cha Profesa.

Kwako nahitaji mawili. Uandike kama shahidi kwamba kwa miaka minne sijawahi kuhatarisha mtu wala kifaa. Na unakili ile fomu, iko kwenye faili la kijani. Nataka nione iliuliza nini na ilijibiwa vipi.

Mwanao asiyetikisa kichwa tena,
Macho


15 Mei

Macho wangu,

Uhamisho wa leo ni wa mia mbili hamsini na mbili. Jumapili nilikuja pia, usiwe na wasiwasi.

Nimeongea na fundi umeme. Anasema kufunga taa kwenye sanduku la king'ora ni kazi ya nusu siku, na taa zipo stoo. Anachotaka ni karatasi ya maombi inayosema taa ngapi na zikae wapi, azitenge kabla hazijachukuliwa, kisha sahihi ya Profesa ije baadaye. Mwandikie mwenyewe, wewe ndiye unayejua.

Lile faili la kijani halionekani. Labda limehamishwa. Na hilo la ushahidi, nipe siku chache nipange maneno, mimi si msomi kama ninyi.

Huku kazi ni ileile. Juzi Jumatano mlango wa friza kubwa haukubana vizuri, na mimi nilikuwa nimezama kwenye sinki naosha. Nikashtukia mlinzi ameingia mpaka ndani, anapunga mikono kama anafukuza kuku, ananiuliza kama nimelala. Nikamwambia nawaza. Hakuna kilichoharibika, sampuli zote salama. Nimekusimulia ucheke tu.

Mama Chupa


19 Mei

Mama Chupa,

Faili la kijani halikupotea. Nilimwandikia Profesa moja kwa moja, akanitumia picha ya fomu leo asubuhi.

Swali: “Je, yupo mtumishi au mwanafunzi asiyeweza kusikia king'ora? Ikiwa ndiyo, taja.” Jibu: “Ndiyo, mmoja. Mwanafunzi wa meza ya dirishani.” Chini kuna tarehe, 27 Aprili, na saba yake imekatwa kimstari katikati. Kwa miaka minne nimesoma mwandiko huo kwenye kila lebo ya kila chupa ninayoshika. Chupa yangu ya saba ina kimstari hichohicho.

Umenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Ulikaa na barua yangu mkononi, ile niliyouliza “nani,” ukaniambia aliyejaza hakuwa na nia mbaya. Ulinishauri kuhusu taa. Na mimi wiki nzima nilikuwa nakuwazia mema, hata jana nilipompelekea fundi karatasi yake nilikuwa nakuwazia wewe.

Sitaki ushahidi wako. Kama unahamisha chupa kwa kuona aibu, acha, nitatafuta mtu mwingine.

Macho


21 Mei

Macho,

Ni mimi. Sitazunguka.

Na si hilo tu. Fomu ilitaka watajwe wote, na nilitakiwa kuandika wawili. Wa pili ni mimi.

Sikio la kushoto lilianza kuniaga miaka sita iliyopita, la kulia likafuata. Miaka ishirini na miwili nimesimama kando ya ile mashine ya kuzungusha sampuli, inavuma kutwa, na zamani hakuna aliyewaza kutupa vizibo vya masikio. Mwanzoni nilidhani watu wameanza kunong'ona. Kisha nikajifunza kutazama midomo, na pale nisipopata neno nafanya mzaha, maana mtu anayechekesha haulizwi kama amesikia. Janga likawavisha watu barakoa, nikabaki sina pa kushika. Yule mlinzi Jumatano hakunikuta nikiwaza. King'ora kilikuwa kinalia dakika kumi juu ya kichwa changu.

Siku niliyoachiwa fomu niijaze kwa niaba ya wote, nilisoma lile swali nikapiga hesabu. Nimebakiza miaka miwili nistaafu na wajukuu watatu wananitegemea. Nikajiambia, la Macho linajulikana, kuliandika hakuongezi kitu. Nikaliandika, nikajificha nyuma yake. Sikujua watakunyima zamu. Lakini hata ningejua, mwanangu, sina hakika ningefanya vingine, na hilo ndilo linaloninyima raha ninapokaa na ninaposimama.

Usinisamehe haraka. Jumatatu nitakwenda kwa Profesa, nimwambie yote, aamue atakavyo.

Chupa nimezihamisha. Mia mbili hamsini na nane. Si kwa aibu. Ni kwa sababu ni zako.

Mama Chupa


24 Mei

Mama Chupa,

Usiende Jumatatu. Kaa hapo ulipo mpaka nikuandikie. Bado sijaweza kuandika vizuri.

Macho


27 Mei

Mama Chupa, shikamoo.

Hasira bado ninayo, nakwambia mapema usije ukafikiri imeisha. Inaniamsha, inakaa nami mezani. Umenificha, na wewe ni mtu ambaye sikuwahi kumwekea ulinzi.

Lakini kuna kitu kingine nacho hakitoki kichwani. Kila ulipotaka kuniambia jambo ulinishika bega, ukanigeuza uso kwa uso, ukasema, “Nitazame nikisema.” Miaka minne nilijisifu kwa marafiki kwamba nina mama maabara anayejali, anayekumbuka kila mara kunigeuzia uso wake. Kumbe nawe ulikuwa unatafuta wangu. Nimecheka peke yangu hadi shangazi akaja kuuliza kuna nini, kisha nikalia tena. Nimechoka kulia, nina kazi.

Sasa nisikilize, au nisome. Ukienda kwa Profesa peke yako kujitoa kafara, watakuondoa wewe na mimi nitabaki nje vilevile. Chumba kitabaki na king'ora kilekile na fomu ileile, mpaka aje mwingine wa kunyimwa zamu. Sikubali. Tunaandika ombi moja, watu watatu. Mama Pacha ameshatia sahihi, na la saa za zamu tumeliongeza. Pa kwako nimepaacha wazi. Usipotaka kutia sahihi, nitaelewa, na sitamwambia mtu habari zako. Hizo ni zako kusema.

Kabla hujaamua, fanya jaribio moja, sisi si watu wa maabara bure. Mwombe fundi alize king'ora huku mlinzi, mwenye masikio yake mazima, amesimama kwenye sinki, bomba limefunguliwa na mashine inavuma. Mpe karatasi aandike amekisikia saa ngapi.

Ombi limo ndani ya bahasha. Tarehe 31 ni Jumapili.

Macho


30 Mei

Macho, mwanangu,

Jaribio tulilifanya Alhamisi. Fundi kaliza king'ora, mlinzi kasimama kwenye sinki langu, bomba wazi, mashine inavuma. Amekaa dakika nne anasubiri jaribio lianze. Nilipomwonyesha kwamba limekwisha, alivua kofia akajikuna. Nimemwambia karibu kwenye chama, sasa usiniambie tena naringa.

Nilitia sahihi usiku uleule, na jana Profesa alikuja mwenyewe, akasimama upande wa pili wa kioo. Akaanza kusema na barakoa yake, haraka haraka kama kawaida yake. Nilitamani nifanye mzaha, Macho. Nikachukua kalamu nikaandika kwa herufi kubwa, nikabandika kwenye kioo: MIMI PIA SISIKII. NIANDIKIE.

Alisoma mara mbili. Akatafuta kalamu mifukoni, akakosa, akaenda ofisini kuichukua. Aliporudi aliandika: “Tangu lini?” Nikaandika: “Miaka sita.” Akakaa anaitazama ile mashine. Kisha akaandika: “Mimi ndiye niliyeiweka hapo.” Tuliandikiana hivyo karibu saa nzima, karatasi zimejaa kioo chote mpaka hatuonani. Alisoma ombi. Alisoma karatasi ya mlinzi. Akauliza kwa nini hukusema mkutanoni kwamba hukubali kugandisha. Nikamwandikia: “Hakuiona midomo yako, ulilipa dirisha mgongo.”

Chupa hazigandishwi. Taa inafungwa Alhamisi, na Ijumaa asubuhi zamu ni yako. Mama Pacha amehamishiwa saa nne. Mimi natakiwa kupimwa masikio, na ofisi ya watumishi itaamua nifanye kazi gani. Sijui wataamua nini. Naogopa, lakini nalala.

Akanipa fomu mpya nijaze upya, mbele yake. Swali ni lilelile. Nimejibu: “Ndiyo, wawili.” Nimetaja wote, langu likiwa la kwanza.

Mia mbili sitini na saba.

Mama Chupa


5 Juni

Mama Chupa, shikamoo.

Hii hukuletewa na Dereva. Nimeiweka kwenye meza yangu chini ya kibao cha chupa, na utaikuta ukiingia zamu yako mchana. Tutakuwa tunapishana hivi kwa saa moja ya kupitisha hewa, mimi natoka, wewe unaingia.

Nilipofungua mlango nilikwenda kwanza kwenye daftari la zamu. Siku thelathini na mbili, hakuna iliyorukwa, kila moja na mwandiko wako, hata ile tarehe 20 niliyokuwa nimekwambia uache. Niliisoma hiyo mara nyingi kuliko nyingine.

Fundi aliliza king'ora nikiwa nimeinama kwenye supu, makusudi, bila kuniambia. Chumba kizima kiligeuka chekundu. Niligeuka kabla hajafika mlangoni kuangalia. Alinionyesha kidole gumba, na safari hii nilikipokea.

Sasa kuna jambo fundi alitaka kujua, na nilimwambia afuate tu alivyoandikiwa. Aliuliza kwa nini karatasi yangu ya maombi inataka taa mbili, wakati nilimwambia nina meza moja. Ya pili ameifunga jana ulipotoka. Inua macho, iko juu ya sinki lako, upande unaotazama ukiosha. Karatasi yenyewe ni hiyo iliyokunjwa ndani ya barua hii. Angalia tarehe. Ni 18 Mei, siku moja kabla sijaiona fomu. Uliponisimulia yule mlinzi aliyekukuta ukiwaza, nilijua hukukisikia king'ora cha friza, na sikujua nikwambie vipi bila kukuvunjia heshima. Nikaona niagize tu.

Tarehe 19 nilimwandikia fundi barua afute moja. Sikumpa Dereva aipeleke.

Uhamisho wa mia mbili sabini na tatu nimeufanya mwenyewe. Chupa ya saba nakuachia, itachafuka kama saa tisa. Usiiharakishe.

Mwanao,
Macho